Harusi ya Mwisho ya Mtakatifu Mikaeli

Jumanne, tarehe 17 Oktoba 1967. Asubuhi hiyo yalikuwa yakianguka manyunyu, yale yasiyosikika darini lakini hulowesha koti kabla mtu hajafika mwisho wa mtaa, na moshi wa viwanda ulikuwa umeshuka hadi usawa wa madirisha. Kasisi Garside alipanda mtaa wa Tenter akiikokota baiskeli yake badala ya kuiendesha. Nellie Sugden alikuwa amepiga magoti akisugua kizingiti cha mlango. Alimwona akija, akajua kuna jambo, kwa maana kasisi alikuwa na miguu mizima na mtaa ule aliuzoea.

Alimkaribisha katika chumba cha mbele, ambacho kilikuwa kikifunguliwa tu wakati wa Krismasi, wakati wa msiba na kasisi anapokuja. Mumewe, Clifford, aliitwa kutoka jikoni. Alikuwa mtu wa zamu ya jioni katika kiwanda cha nguo za sufu, idara ya kutia rangi, na vidole vyake vilikuwa na rangi ya buluu isiyotoka hata Jumapili. Kwa miaka kumi na minne alikuwa mzee wa kanisa la Mtakatifu Mikaeli. Sasa kanisa lilikuwa limefungwa, na vibarua walikuwa wakibandua mabamba ya madini ya risasi juu ya paa lake.

Kasisi alikataa chai. Hilo lilimtisha Nellie kuliko uso wake.

Alianza mbali. Alisema kwamba juzi alikuwa mezani kwa msaidizi wa askofu, na katika mazungumzo akajisifu kuwa Mtakatifu Mikaeli halikufa kinyonge, kwamba siku moja kabla ya ibada ya mwisho waliozesha watu humo: Avril, binti wa mzee wa kanisa, na Trevor Lumb, kijana wa gereji ya mabasi. Msaidizi wa askofu akaweka kikombe chini. Akauliza harusi ilikuwa tarehe ngapi.

"Nikamwambia Jumamosi, tarehe 30 Septemba," alisema Kasisi Garside. "Akaniambia amri ya kuunganisha parishi ilisema kanisa linakoma kuwa kanisa Sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli. Nikamjibu, naam, Jumapili tarehe mosi. Akaniuliza nani aliniambia ni Jumapili."

Hakuna aliyemwambia. Sikukuu ya Mikaeli ni tarehe 29 Septemba, iangukie siku yoyote, na mwaka ule iliangukia Ijumaa. Lakini watu wa Tenter hawakuwahi kuisherehekea siku ya kazi. Tangu enzi za babu zao kiwanda hakikutoa ruhusa, basi sikukuu ilisogezwa hadi Jumapili inayofuata, ikaunganishwa na sikukuu ya mavuno, na mtoto wa Tenter alikua akijua kuwa Mikaeli ni Jumapili, kama ajuavyo kuwa Pasaka ni Jumapili. Kasisi alikuja kutoka kusini miaka kumi na tisa iliyopita akiijua kalenda vizuri. Tenter walikuwa wamemfundisha vingine. Yeye na Clifford walikaa pamoja, wakaisoma ile amri, na wote wawili wakaiona Jumapili pasipoandikwa Jumapili.

"Kwa hiyo Jumamosi ile," alisema Clifford polepole, "tulikuwa ndani ya jengo tu."

"Kwa sheria, ndiyo."

"Na binti yangu hajaolewa."

"Mwanasheria wa askofu anasema pengine ameolewa, kwa kuwa hamkujua. Lakini pengine haitoshi. Anashauri wafunge ndoa tena, ili siku za mbele mtu asije akauliza."

Nellie alirudia lile neno, pengine, kana kwamba analionja. Akasema hawezi kusimama dukani kwa muuza nyama akawaambia watu kwamba Avril pengine ameolewa.

Clifford alitazama vidole vyake. Ni yeye aliyechagua Jumamosi ile. Alisema wakati ule kwamba maua na mazao ya mavuno yatakuwa yamekwisha pangwa kwa ajili ya Jumapili, hakuna haja ya kununua mengine. Avril alipita kati ya maboga na vitunguu liki na mkate mkubwa uliofinyangwa kama mganda wa ngano, na mama yake Trevor tangu siku hiyo husema mwanawe alioa sokoni.

"Padre, naomba unijibu moja," alisema Clifford. "Mungu alikuwemo Jumamosi ile, au alishaondoka Ijumaa?"

Kasisi alifikiri. Hakuwa mtu wa kujibu swali la namna hiyo upesi.

"Mungu alikuwemo, Clifford. Aliyeondoka ni mwanasheria."

Wote watatu karibu wacheke, lakini hawakucheka. Wakainamisha vichwa na kasisi akaomba: kwamba Bwana, aliyeyasikia maneno ya watoto hawa mara ya kwanza, awape moyo wa kuyasema mara ya pili. Nellie aliitikia amina, kisha akauliza kama kuna mtu mwingine aliyekwisha kusikia.

*

Avril na Trevor walikuwa wakikaa kwa mama yake Trevor, Bi. Hilda Lumb, mitaa miwili chini, katika chumba cha juu, wakingoja halmashauri iwape nyumba katika maghorofa mapya. Bi. Lumb alikuwa mjane mwenye mwana mmoja. Nyumba yake ilikuwa safi, na aliwakumbusha watu hivyo.

Jioni ile Clifford aliomba ruhusa kazini, akaenda huko na Nellie. Waliwakuta mezani. Avril alikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili, msichana mrefu mwenye mikono ya kazi, mfumaji wa kiwanda kile kile cha baba yake. Alipowaona wazazi wake wamevaa makoti ya kanisani siku ya Jumanne, aliuliza nani amekufa.

Nellie ndiye aliyeeleza. Alieleza vibaya, akianzia mwisho, na ilibidi Clifford arudi nyuma kuinyoosha.

Avril hakumtazama mama yake wala baba yake. Alimtazama Trevor, akangoja. Kilichompata wakati ule hakikuwa aibu. Ilikuwa ni kujua kwamba lile neno alilolisema Trevor mbele ya maboga lilikuwa limerudishwa mkononi mwa Trevor, na kwamba angeweza kulitoa tena au kulitia mfukoni.

Trevor alikuwa akikatakata kiazi kilichokwisha katwa.

Nellie akasema kwamba, mpaka mambo yatengenezwe, afadhali Avril arudi nyumbani kulala. Si kwa ubaya. Watu watasema.

"Ni kweli," alisema Bi. Lumb, na ilikuwa mara ya kwanza wanawake hao wawili kukubaliana. Kisha akaongeza, akiondoa sahani, "Basi kesho nitafua yale mashuka."

Clifford aligeukia ukuta, akaisoma kalenda ya muuza makaa.

"Wewe wasemaje, Trevor?" Avril aliuliza.

"Labda ni bora hivyo," alisema Trevor. "Kwa siku chache."

Alimbebea sanduku hadi kwa wazazi wake. Waliongozana wanne, wazee mbele, vijana nyuma, na mapazia ya mtaa wa Tenter yakasogea moja baada ya jingine. Mlangoni Trevor aliliweka sanduku juu ya kizingiti kilichosuguliwa asubuhi, akasema ataonekana kesho. Hakuingia.

*

Kesho yake hakuonekana, wala kesho kutwa.

Kiwandani habari ilifika kabla ya kengele ya kuanza kazi. Wanawake wa mashine za kufuma huongea kwa midomo bila sauti, kwa sababu ya kelele, na hivyo mtu mmoja huweza kusengenywa kutoka upande mmoja wa ukumbi hadi wa pili naye akisoma kila neno. Avril alisoma. Wakati wa chai walimpa jina la Bi. Pengine. Halikuwa jina la chuki. Mmoja wao, Edie Crabtree, aliyekuwa amefukuza waume wawili, alimwambia mbele ya wote, "Wewe mwali una bahati kubwa. Mimi wangu ningepewa nafasi ya kumwonja wiki mbili halafu sheria iniambie rudisha, ningemrudisha na karatasi aliyofungiwa."

Walicheka hadi msimamizi akatazama. Avril naye alicheka. Kisha alikwenda chooni, akafungua bomba, akasimama hapo mpaka uso wake ulipotulia.

Ijumaa alikwenda ofisi ya nyumba ya halmashauri, kwa sababu ilikuwa siku yao ya kuchukua ufunguo. Karani hakuwa mtu mkali. Alimweleza kuwa ghorofa zile ni za watu wenye ndoa, na kwa kuwa yeye mwenyewe amekuwa mwaminifu kusema ndoa yake ina shaka, basi ufunguo utangoja. Alimwuliza amwandikeje kwa sasa, Bi. Lumb au Sugden. Foleni ilikuwa ndefu nyuma yake.

"Sugden," alisema Avril.

Jambo la mji wa Coventry alilisikia kutoka kwa baba yake, ambaye alilisikia kutoka kwa dereva wa basi. Trevor alikuwa na binamu huko, katika kiwanda cha magari, ambako mshahara ulikuwa karibu mara mbili. Binamu alimwita tangu majira ya kiangazi. Trevor alikataa, kwa sababu alikuwa anaoa. Sasa, dereva alisema, binamu amemwita tena, na mama yake Trevor husikika akisema kwamba Mungu hafungui mlango bure.

"Umwendee," Nellie alimshauri binti yake. "Umvalie lile gauni la kijani."

"Mama, mimi si wa kumvalia mtu gauni ili akumbuke kuwa alinioa."

Usiku, kabla ya kulala, Clifford alipiga magoti kando ya kitanda, kama alivyofanya tangu utoto. Aliomba asamehewe kwa ajili ya maboga.

*

Kanisa la Mtakatifu Mikaeli lilijengwa mwaka 1871 na mwenye kiwanda, Josiah Tempest, kwa ajili ya wafanyakazi wake. Wafanyakazi walipewa viti vya nyuma. Yeye na familia yake walikuwa na chumba chao chenye jiko la makaa, na inasemekana hotuba ikirefuka alikoroga makaa kwa nguvu. Alijenga juu ya ardhi iliyochimbwa makaa ya mawe, ijapokuwa alionywa. Mnara ukaanza kuegemea upande wa magharibi kabla hata haujapata kengele. Kengele ilipigwa zaidi ya miaka sitini, ikanyamazishwa wakati wa vita, na vita vilipokwisha mhandisi akasema isipigwe tena, isije ikauangusha mnara. Bomu la mwaka 1941 lilichukua dirisha la mashariki. Mahali pake pakatiwa vioo vyeupe, na wazee wakakiri kuwa sasa waliweza kusoma nyimbo. Kisha halmashauri ikabomoa mitaa ya jirani, watu wakahamishiwa nje ya mji, na Jumapili zikabaki na watu wasiofika thelathini. Barabara mpya ilichorwa kwenye ramani, nayo ilipita mahali pa madhabahu.

Hilo ndilo lilikuwa kanisa, na Jumamosi mchana Avril alimkuta Kasisi Garside amesimama nje ya uzio wake, akitazama vibarua wakiteremsha vigae vya paa kwa kamba.

Kasisi alikuwa na habari njema. Askofu atatoa kibali maalumu bila malipo. Wataweza kufunga ndoa siku yoyote ya kazi, asubuhi na mapema, katika kanisa la Mtakatifu Barnaba huko juu kilimani, ambalo sasa ndilo la parishi yote. Mlango utafungwa. Mashahidi wawili tu. Nellie alikuwa ameshakubali.

"Na Trevor amesemaje?" Avril aliuliza.

Kasisi alikiri kwamba amekwenda gereji mara mbili. Trevor alimsikiliza kwa adabu, akasema atafikiri.

Boriti moja ilishushwa, vibarua wakapiga kelele wao kwa wao. Kisha Avril akasema hataki kibali.

"Nataka tutangazwe. Jumapili tatu, mbele ya watu, kama wengine wote."

"Mwanangu, kule Barnaba ni watu wa kilimani. Hawakujui. Watageuka wakutazame."

"Wageuke."

"Na kila Jumapili nitauliza kama kuna mwenye kizuizi. Umemfikiria mama mkwe wako?"

"Nimemfikiria sana," alisema Avril. "Padre, ukimleta Trevor asubuhi na mapema, mlango umefungwa, atakuja. Mimi namjua. Atakuja kwa sababu umemwendea, na baba amemwendea, na hajui kukataa. Sitaki wa kuletwa. Kwa kibali anapata dakika tano za kufikiri. Kwa tangazo anapata Jumapili tatu. Akitaka kwenda Coventry, treni zipo."

Kasisi alimtazama msichana huyu ambaye alimfundisha katekisimu akiwa na miaka kumi na mbili, na ambaye siku zile hakuwahi kunyoosha mkono. Alimwuliza kama ameliombea jambo hilo.

"Nimeomba nisimchukie," alisema Avril. "Mengine sijafika."

*

Jumapili ya kwanza, tarehe 22, akina Sugden walipanda kilima. Mtakatifu Barnaba lilikuwa kanisa lenye mazulia na mabomba ya joto. Watu wake walikuwa makarani, wenye maduka na walimu, na walikuwa na mahali pao pa kukaa, pasipoandikwa jina lakini pakijulikana. Mama mmoja mwenye kola ya manyoya aliwaambia kwa upole mwingi kwamba safu ile ina wenyewe. Wakahama. Safu ya pili nayo ilikuwa na wenyewe. Wakaishia kukaa nyuma ya nguzo, Clifford akiwa na kofia magotini, yeye aliyewahi kukusanya sadaka kwa sahani ya fedha.

Baada ya somo la pili kasisi alitangaza. Aliposema Avril Sugden, mseja, vichwa viligeuka. Habari ilikuwa imepanda kilima. Kasisi akauliza kama yupo ajuaye kizuizi, hakuna aliyekohoa. Trevor hakuwapo.

Nje, mtu mzima mwenye mwavuli alimpa Clifford mkono, akasema kwao jambo kama lile lisingeweza kutokea, kwa kuwa kwao sikukuu huadhimishwa kwa tarehe yake. Clifford alimshukuru.

Jumapili ya pili Trevor alikuja. Alisimama karibu na mlango, na sala ya mwisho ilipoanza akatoka. Avril alimwona mgongo tu. Nellie alitaka kumkimbilia. Avril alimshika mkono wa koti.

"Amekuja," Nellie alinong'ona.

"Amekuja na ameondoka, mama. Mwache ahesabu mwenyewe."

Jumatano tufe la chuma la kubomolea lilifika kwa lori. Mnara wa Mtakatifu Mikaeli, ambao kwa karibu miaka mia moja kila mtu alisema utaanguka wenyewe, ulipigwa tangu saa tatu asubuhi hadi saa tisa ndipo ukakubali. Ulianguka upande wa mashariki, ambako haukuwahi kuegemea. Wanawake wa kiwandani walikwenda madirishani. Edie Crabtree, ambaye hakuwahi kukanyaga kanisani ila kwa maziko, alifanya ishara ya msalaba, kisha akaona haya akajifanya anajikuna.

*

Kila mwaka tarehe tano Novemba watoto wa huku huwasha moto mkubwa na kurusha fataki. Mwaka ule tarehe tano ilikuwa Jumapili, basi moto ukawashwa Jumamosi jioni, katika uwanja mtupu nyuma ya mtaa wa Tenter. Kuni hazikuwa shida. Msimamizi wa vibarua alikuwa amewapa watoto mabenchi yote ya kanisa ambayo hayakupata mnunuzi, na walikuwa wameyapanga moja juu ya jingine hadi juu kuliko nyumba.

Mbao zile kavu ziliwaka vizuri. Watu walisogea na viazi vyao na keki za tangawizi. Clifford alitambua benchi la safu ya pili, alilokalia na baba yake, kwa kovu la misumari ubavuni. Alilitazama likishika moto, akavua kofia, akaivaa tena.

Avril hakutoka nyumbani. Nellie alikuwa amesimama na sahani ya keki wakati Bi. Lumb alipokuja kando yake. Hawakuwa wamesemezana tangu siku ya mashuka.

"Nimesikia Trevor hayupo," alisema Nellie.

"Amekwenda Coventry jana. Binamu yake anamwonyesha kiwanda."

"Kuonyeshwa tu?"

"Sikumwuliza. Mwanangu ni mtu mzima." Bi. Lumb aliutazama moto. "Usidhani ninamchukia binti yako, Nellie. Mchapakazi. Lakini waliharakishwa. Walikuwa wachumba miaka mitatu, hakuna aliyewasukuma, halafu mumeo akaja na habari ya kanisa kubomolewa, kama mtataka kufungia ndoa humo basi ni sasa. Mwanangu alioa kwa ajili ya paa."

Nellie alitaka kumjibu jambo kali, nalo lilikuwa tayari mdomoni. Lakini alikuwa mtu mkweli, na aliona kuwa sehemu ya maneno yale ni kweli. Akamsogezea sahani.

"Chukua kipande," alisema. "Kesho ni tangazo la tatu."

"Najua. Nitakuja."

"Kuja kufanya nini, Hilda?"

Bi. Lumb alichukua keki, akaing'ata, akasema imekauka kidogo.

Usiku ule Nellie alimweleza Avril yote, pamoja na lile la paa. Avril alikuwa akipiga pasi. Aliendelea kupiga pasi shati moja la baba yake kwa muda mrefu kuliko lilivyohitaji. Mwishowe alisema Bi. Lumb amenena sawa, na kwamba hilo ndilo lililokuwa likimkaba yeye mwenyewe, ila hakupata maneno yake. Kisha akauliza kama basi la usiku kutoka Coventry bado lipo. Nellie alisema hajui. Avril akasema haidhuru, aliuliza tu.

Alipopanda chumbani aliomba kwa maneno machache. Alisema: Bwana, asipokuja nisimamishe, na akija nisimamishe vile vile.

*

Jumapili tarehe tano Mtakatifu Barnaba lilijaa kuliko kawaida, kwa kuwa watu wa kilimani, pamoja na adabu zao zote, walijua kuhesabu hadi tatu. Akina Sugden walikaa nyuma ya nguzo yao. Bi. Lumb aliingia na kofia nyeusi, akaenda moja kwa moja hadi safu ya mama mwenye kola ya manyoya. Alipoambiwa ina wenyewe, alisema, "Basi wamepata mgeni," akaketi.

Wakati wa zaburi mlango ulifunguliwa na kufungwa. Avril hakugeuka. Alikuwa amejiahidi kutogeuka.

Somo la pili likaisha. Kasisi Garside alifungua kitabu, ingawa maneno aliyajua kwa moyo.

"Natangaza ndoa kati ya Trevor Lumb, mseja, na Avril Sugden, mseja, wote wa parishi hii. Kama yupo kati yenu ajuaye sababu au kizuizi cha haki cha kuwazuia watu hawa wawili wasiunganishwe katika ndoa takatifu, na aseme. Hii ni mara ya tatu, na ya mwisho."

Huwa kuna kituo kidogo hapo. Hakuna asemaye kamwe. Mama mwenye kola ya manyoya alimtazama Bi. Lumb kwa pembe ya jicho. Bi. Lumb alikuwa akitazama mbele.

"Nina neno," alisema mtu kutoka mlangoni.

Kanisa zima liligeuka, na hapo Avril naye akageuka. Alikuwa Trevor. Alikuwa na koti la kazini, ndevu za siku mbili, na macho ya mtu aliyelala kwenye kiti cha basi. Alikuwa ameshika ukingo wa benchi la mwisho kwa mikono yote miwili. Clifford alifumba macho.

"Trevor," alisema kasisi kwa sauti ya chini, lakini ilisikika kila mahali, "hapa huulizwa kizuizi."

"Kizuizi nilikuwa mimi, padre."

Trevor hakuwa msemaji. Gerejini walimtania kwamba huzungumza na injini tu. Alianza, akasita, akaanza tena.

"Mara ya kwanza tulioana kwa sababu kanisa lilikuwa linabomolewa. Hakuna aliyenishika shingo. Lakini sikujua kama ningekuja endapo lisingebomolewa, na sheria iliposema turudie, nikaona sijui bado. Ndiyo maana nilinyamaza. Ulikuwa ubaya, kunyamaza vile. Nimekwenda Coventry. Kazi ni nzuri. Wamenionyesha na mahali pa kulala. Nilikaa pale kitandani nikaona hakuna anayeniharakisha kwa lolote, naweza kubaki, naweza kwenda. Nikaenda kungoja basi." Aliliachia benchi. "Kanisa sasa halipo. Hakuna paa la kuwahi. Jumamosi saa nane mchana nitakuwa hapa, na nitamwoa Avril Sugden kama atanitaka. Na tukitoka hapa hatutarudi kwa mama. Nimeongea na mtu wa gereji, ana chumba, tutangojea ufunguo hukohuko. Nasema mbele yenu nyote, hata nisiowajua, na mama yangu yupo pale anasikia."

Bi. Lumb alikuwa akivua glavu yake kidole kimoja kimoja. Alipoimaliza aliiweka pajani, akainyoosha, akaitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu anayeambiwa bei na kuiona si ya kubishania.

Kasisi Garside, ambaye miaka kumi na tisa hakuwahi kutoka nje ya maneno ya kitabu, alikifunga kitabu. Akatazama nyuma ya nguzo.

Avril alisimama. Watu wa kilimani walimwona uso wote kwa mara ya kwanza, kwa sababu alitoka pale nyuma akasimama katikati ya njia, mahali ambapo kila mtu angeweza kumsikia.

"Sikukufuata, Trevor, na sikukutumia mtu," alisema. "Umekuja kwa basi lako mwenyewe. Basi na mimi nasema mbele ya hawa. Jumamosi saa nane nitakuja hapa kwa miguu yangu, nitasimama pale mbele, na nitakupokea uwe mume wangu."